UZI: Matairi mapana kwa baiskeli ya bei nafuu ya kwenda kazini. Soma namba ndogo ubavuni kabla ya kutoa fedha

Ndugu wanajukwaa,

Kila siku ya kazi ninaendesha baiskeli kutoka Kihonda hadi mjini Morogoro na kurudi. Sehemu ya njia yangu ni lami inayopita Msamvu, ambayo ina rasta na viraka vingi, na sehemu iliyobaki ni barabara ya vumbi yenye changarawe, mchanga na makorongo yanayochimbwa upya na kila mvua. Baiskeli yenyewe ni ya Kijapani ya mtumba, zile zenye kikapu mbele na keria nyuma, na ilikuja na matairi membamba yaliyoandikwa 26 x 1 3/8. Baada ya miezi michache ya kufa ganzi viganja na kuziba pancha karibu kila juma, niliamua kutafuta matairi mapana zaidi. Ninaandika uzi huu kwa sababu jambo nililodhani ni la dakika kumi lilinigharimu fedha mara mbili, na ninaona watu wengi wenye kipato kama changu wanakaribia kuingia katika kosa lile lile.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nilikwenda dukani nikasema ninataka matairi mapana ya inchi 26, nikauziwa jozi ya 26 x 1.75. Nilipoyafikisha kwa fundi, alihangaika na vijiti vyake kwa muda mrefu, na tairi likakataa kabisa kupanda juu ya rimu. Aliponiambia kwamba 26 hii na 26 ile si kitu kimoja, nilidhani anatetea uzembe wake. Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa sijasoma.

Namba zinazotangazwa kwa herufi kubwa, yaani 26, 27 au 28, ni majina ya zamani yaliyotokana na kimo cha nje cha tairi. Hazikuelezi rimu ina ukubwa gani. Namba ya kutegemea ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni, yenye tarakimu mbili, kistari, kisha tarakimu tatu, kwa mfano 37-590. Ile ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita likiwa limejaa upepo, na ile ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa juu ya rimu. Mfumo huu umewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Tairi langu la 26 x 1 3/8 ni 37-590, na yale niliyonunua yalikuwa 47-559. Tofauti ya kipenyo ni milimita 31, na hakuna nguvu ya fundi yeyote itakayoivuta waya iliyo ndani ya ukingo wa tairi kiasi hicho. Upana unaweza kuubadilisha, lakini zile tarakimu tatu za mwisho lazima zifanane na za rimu yako.

Kwa baiskeli zinazopatikana kwetu, zipo namba chache zinazostahili kukumbukwa. Baiskeli za milimani za inchi 26 ni 559. Za Kijapani za 26 x 1 3/8 ni 590, na dada zao wakubwa wa 27 x 1 3/8 ni 609, ukubwa ambao ni wa Kijapani hasa na ambao nje ya Japani ni shida kuupata, kwa hiyo anayenunua baiskeli ya namna hiyo akague kwanza kama madukani kwao matairi hayo yapo. Zile nyeusi ndefu za breki za fito, Phoenix na wenzake, ni 28 x 1 1/2, yaani 635. Za 700, ambazo nyingi ni mtumba wa Ulaya, ni 622, na hata zile zinazoitwa 29 zina rimu hiyo hiyo ya 622. Zingatieni pia kwamba saizi inayoandikwa kwa sehemu, kama 1 3/8, na ile inayoandikwa kwa nukta, kama 1.375, haziingiliani hata kama kihesabu ni sawa.

Sasa, kwa nini nautetea upana? Kwa sababu ya hewa. Tairi la milimita 47 linalizidi la milimita 37 kwa milimita 10 tu, lakini ukilikata na kutazama uwazi wake wa ndani, eneo lake ni kubwa kwa takriban asilimia 60. Hewa hiyo ya ziada ndiyo inayobeba mzigo, na kwa kuwa ni nyingi, haihitaji kubanwa sana. Tairi jembamba lisipojazwa hadi kuwa gumu, jiwe au ukingo wa shimo huligonga hadi kwenye rimu na kuibana tyubu, nawe unakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba. Kama pancha zako nyingi ni za matundu mawili, huna haja ya kulaumu miba, kwa sababu tatizo lako ni upana mdogo au upepo mdogo, au vyote viwili.

Imani kwamba tairi jembamba ndilo jepesi kukanyaga inatokana na baiskeli za mashindano kwenye lami nyororo. Kwenye barabara zetu nguvu nyingi hupotea kwa namna nyingine. Kila changarawe inayoirusha baiskeli juu hula sehemu ya mwendo wako, na mwili wako hutikisika na kuigeuza nguvu hiyo kuwa joto na uchovu. Tairi pana lenye upepo wa wastani humezea changarawe ndani yake na kuendelea mbele. Hata kwenye lami, matairi mawili ya aina moja yakijazwa shinikizo sawa, lile pana huviringika kwa urahisi zaidi, kwa sababu alama yake ya kugusa chini ni fupi na pana, na ubavu wake hukunjwa kwa kina kidogo kwa kila mzunguko.

Lakini kinachoamua upana ni baiskeli yenyewe. Pima kabla ya kununua, tena pima mahali pembamba kuliko pote: kati ya mabomba mawili ya fremu yaliyo nyuma ya pedeli, kati ya miguu ya uma wa mbele, chini ya kichwa cha uma, chini ya breki, na ndani ya madigadi. Ninashauri ibaki nafasi ya milimita 6 hivi kila upande. Penseli ya kawaida ina unene wa karibu milimita 7, kwa hiyo ikipita kati ya tairi na fremu pande zote mbili, uko salama hata spoki moja ikikatika na rimu ikaanza kuyumba. Rimu nayo ina kauli yake. Kanuni ya wastani ni kwamba upana wa tairi uwe kati ya mara 1.4 na mara 2.2 ya upana wa ndani wa rimu, hivyo rimu ya milimita 20 kwa ndani inabeba vizuri tairi la 28 hadi 44. Ukizidisha kidogo haitatokea ajali, lakini ukizidisha sana tairi litalala ubavu kwenye kona.

Kwa upande wangu, matairi ya 590 yaliyo mapana kuliko 37 sikuyapata popote mjini. Hapo ndipo yule fundi aliponionesha jambo ambalo ninalithamini mpaka leo. Rimu ya 559 ni ndogo kuliko yangu, lakini tairi lake ni nene, hivyo gurudumu zima hurudi karibu na kimo kile kile. Hebu tufanye hesabu. Rimu ya 590 na tairi la 37 kila upande hufanya 664. Rimu ya 559 na tairi la 47 hufanya 653. Baiskeli inashuka kwa milimita tano na nusu tu. Breki yangu ya nyuma haikamati rimu, inabana kwenye ngoma iliyo kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo haijali rimu ina ukubwa gani. Nilinunua rimu ya 559 yenye matundu 36 kama habu yangu, pamoja na spoki fupi zaidi kwa takriban milimita 15, na fundi akaunda gurudumu la nyuma upya. Kati ya mabomba ya fremu palikuwa na milimita 60, hivyo tairi la 47 lilibakiwa na sita na nusu kila upande. Moja ya yale matairi niliyonunua kwa makosa likapata kazi, na la pili nikamuuzia jirani mwenye baiskeli ya milimani. Madigadi ya nyuma ilibidi nibadilishe kwa kuwa ilikuwa nyembamba.

Mbele sikuweza kufanya hivyo. Breki ya mbele ni ya koleo inayokamata rimu, na vipande vyake vya mpira haviwezi kushuka milimita 15 na nusu zaidi. Kwa hiyo mbele nimebaki na 37-590, ila tairi jipya lenye ubavu laini, na nimeacha kulijaza kama jiwe.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Wiki ya kwanza nililijaza lile tairi pana la nyuma hadi psi 65 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), kwa sababu ubavuni liliandikwa 40 hadi 65, na nikashangaa kwamba linarusha kuliko lile la zamani. Namba ya juu ubavuni ni mwisho wa usalama, haikuwekwa kama lengo. Mimi, baiskeli na mkoba tuna jumla ya kilo 95 hivi, na gurudumu la nyuma hubeba takriban asilimia 60 ya uzito huo. Leo ninajaza 45 nyuma na 42 mbele. Kwa 65, tairi la nyuma lilikuwa likigusa chini kwa sentimita za mraba kama 12 na nusu, na kwa 45 linagusa kwa 18. Ndiyo tofauti ninayoihisi kwenye mchanga wa Kihonda kila asubuhi.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa 2, Tabora

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Mimi nina Phoenix ya 28 x 1 1/2 na huenda nayo shuleni ninakofundisha, kilomita saba za udongo na mchanga. Dukani nimeona tairi la 28 x 1.75 na nikadhani ndilo pana la baiskeli yangu. Je, litaingia?

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na tafadhali usilinunue. Hilo la 28 x 1.75 ni 47-622, na rimu yako ni 635. Litagoma kupanda kama yangu yalivyogoma. Faraja ni kwamba la kwako tayari ni la milimita 40, upana wa kutosha kwa kilomita saba, ilimradi upepo usizidi. Ukipiga hesabu utaona kwamba 47-622 na 40-635 yana kimo karibu sawa, 716 na 715, hivyo wapo watakaokushawishi ubadilishe rimu. Lakini breki zako za fito huvutwa kwenda juu na kubana uso wa ndani wa rimu, na zinahitaji rimu yenye umbo lake maalumu. Ukiweka rimu ya kawaida ya 622 utabaki bila breki. Kama kuna fedha ya kutumia, ninashauri itumike kwa tyubu nzito na matairi mapya yasiyo na nyufa za jua ubavuni.

Mchangiaji wa 3, Kigamboni

Mimi nina ya milimani, 26 x 1.95, ya kashata kubwa, yaani vile vinundu vya mpira juu ya tairi. Kazini ninakwenda kwa lami karibu njia yote, na mchanga ni wa mita mia tatu tu karibu na nyumbani. Inanguruma na kunichosha. Nirudi kwenye tairi jembamba?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kinachokuchosha ni kashata, upana hauna kosa. Kila kashata hukunjwa na kukunjuka inapogusa lami, na hiyo ndiyo ngurumo unayoisikia. Baki na upana huo huo wa 559, lakini tafuta tairi lenye uso laini au lenye mstari laini katikati na kashata ndogo pembeni tu. Usiogope uso laini wakati wa mvua. Gari huweza kuelea juu ya maji kwa sababu tairi lake ni pana na bapa na mwendo ni mkubwa, ilhali tairi la baiskeli ni la mviringo na jembamba kiasi kwamba hulikata maji kwa mwendo wetu wa kawaida. Kwenye zile mita mia tatu za mchanga, punguza mwendo, weka uzito nyuma na usikate usukani ghafla. Upana wa 1.95 utakuvusha.

Mchangiaji wa 4, Arusha

Kwa heshima zote, sikubaliani. Nimeendesha 700 x 28 kwa miaka mingi na kila mwenye matairi mapana ninampita.

Mleta uzi

Ndugu, ninaamini unawapita, na huenda unawapita kwa miguu yako. Kuna jaribio lisilohitaji kifaa. Tafuta mteremko mfupi wa barabara unayoitumia kila siku unaoishia kwenye tambarare, anza kutoka alama moja bila kukanyaga pedeli, na weka jiwe pale baiskeli inapojisimamia yenyewe. Rudia mara tano, kisha badilisha matairi ukiwa na nguo zile zile na mkoba ule ule, siku isiyo na upepo. Kwenye lami mpya ya Arusha sitashangaa 28 yako ikienda mbali zaidi kidogo, hasa kama ni tairi zuri na lile pana ni zito la bei rahisi. Ubora wa kitambaa cha tairi una uzito kuliko upana. Fanya jaribio hilo hilo kwenye vumbi lenye changarawe, halafu utuletee matokeo hapa, yawe yoyote.

Mchangiaji wa 5, fundi, Singida

Ninaongeza mambo matatu kutoka kwenye kijiwe changu. La kwanza, watu hununua tairi pana na kurudisha tyubu ya zamani. Tyubu huvutika mpaka inakuwa nyembamba kama puto na kila mwiba unaingia. Tyubu nayo imeandikwa, kwa mfano 26 x 1.75-2.125, na lazima upana wa tairi uwe ndani ya kipimo hicho. La pili, kwa wenye mbigili, upana hausaidii, tena tairi pana hukanyaga mbigili nyingi zaidi. Mimi huchukua tyubu kuukuu, naipasua kwa urefu, naitoa vali, na kuilaza kati ya tairi na tyubu mpya. Inaongeza uzito lakini wateja wangu wanapumzika. La tatu, kagua utepe unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu. Nimeona pancha nyingi zikilaumiwa kwa barabara wakati tundu liko upande wa ndani wa tyubu.

Mleta uzi

Fundi, ahsante sana, hayo yote nayathibitisha. Kuhusu mbigili ninakubali kwamba sikulieleza vizuri hapo juu, kwani upana hupunguza pancha za kubanwa, haupunguzi za miba. Naomba nami niongeze kuhusu vali. Baiskeli nyingi za Kijapani zina vali ya kizamani yenye kijimpira, na geji ya kawaida haiwezi kuisoma. Nilipounda gurudumu la nyuma nilichagua tyubu yenye vali kama ya pikipiki, na sasa ninapima kwa geji yoyote. Asiye na geji akae juu ya baiskeli na mzigo wake, kisha mtu mwingine atazame tairi la nyuma kutoka pembeni. Likibonyea kwa takriban sehemu moja kati ya saba ya kimo chake, yaani milimita 7 hivi kwa tairi la 47, linatosha. Wanaojazia vituo vya mafuta wawe waangalifu, kwa sababu mtambo wa magari hulijaza tairi la baiskeli kwa sekunde chache na unaweza kulipasua.

Mchangiaji wa 6, Shinyanga

Huku kwetu tuna udongo mweusi wa mbuga. Masika hii gurudumu lilijaa matope likasimama kabisa, nikalazimika kubeba baiskeli. Fundi ananiambia niweke matairi mapana zaidi ili nisizame. Unasemaje?

Mleta uzi

Ndugu, hapa ndipo ninapobadilisha ushauri wangu. Kwenye mchanga upana hukusaidia kuelea, lakini udongo wa mbuga haukuzamishi sana, wenyewe unanata. Unapanda na tairi, unajazana chini ya breki na ndani ya madigadi, kisha unabana. Unachohitaji ni nafasi, na tairi pana huila nafasi hiyo. Kwa hali yako ningebaki na tairi la 37 au 40, lenye uso wa mistari isiyo na kashata ndogo ndogo zinazoshika udongo, na ningehakikisha inabaki nafasi ya milimita 10 au zaidi kila upande na juu. Masika ningeondoa madigadi zote mbili, kwa sababu afadhali mgongo uchafuke kuliko kubeba baiskeli begani. Chukua pia kijiti kigumu cha mti, ukifunge kwenye fremu, ukwangue matope mapema kabla hayajashikana na mnyororo. Mvua zikikatika na udongo ukakauka na kuacha zile nyayo ngumu za ng'ombe, rudisha tairi pana, kwa sababu hapo mtikisiko ndio utakaokuwa adui yako.